Château Latour: namna ya kuichagua, kuilaza na kuifungua kwa wakati wake

Fungua Château Latour ya miaka saba na huenda ukaijutia pesa yako. Rangi ni ya zambarau iliyokolea, harufu ni ya mbao mpya na matunda meusi, na ukishameza, ulimi unakauka kana kwamba umetafuna ganda la ndizi mbichi. Hiyo si kasoro. Mvinyo huu umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye subira ya miaka 15, 25, hata 40. Ukilala mahali panapofaa kwa muda huo, ukali unalainika na harufu zinabadilika: mwerezi, tumbaku, ngozi, udongo ulionyeshewa. Chupa nyingine iliyotoka kwenye sanduku hilohilo, lakini ikakaa miaka mitatu juu ya kabati la jikoni, haina tena cha kutoa.

Kwa hiyo hapa hatutazungumza sana kuhusu ladha. Tutazungumza kuhusu ununuzi, joto, unyevu, vizibo na saa. Msimamo wangu nautoa mapema: anayenunua mvinyo mkongwe ananunua kwanza namna ulivyotunzwa, kisha jina, kisha mwaka. Wauzaji hupenda kuupindua mpangilio huo, kwa sababu jina na mwaka vimeandikwa kwenye lebo na utunzaji haukuandikwa popote.

Hatua ya 1: Hakikisha ni Latour unayoikusudia

Shamba liko Pauillac, katika eneo la Médoc kaskazini mwa jiji la Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye ukingo wa kushoto wa Gironde, pale mto unapopanuka kuelekea Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris chini ya Napoleon III, mashamba ya Bordeaux yalipangwa kwa madaraja matano kwa kufuata bei walizokuwa wakiuza. Latour iliwekwa daraja la kwanza pamoja na Lafite, Margaux na Haut-Brion. Mouton iliongezwa mwaka 1973, na tangu hapo safu hiyo ya juu haijaguswa.

Moyo wa shamba ni kipande kiitwacho L'Enclos, hekta 47 hivi zinazoizunguka nyumba yenyewe. Juu kuna kokoto zinazopitisha maji haraka. Chini kuna udongo wa mfinyanzi unaoweka akiba ya maji kwa ajili ya kiangazi kikali. Wenyeji wa Médoc husema kwamba mizabibu bora ni ile inayouona mto, na ya Latour iko mita mia chache tu kutoka majini. Maji mengi kiasi hicho hupunguza makali ya baridi. Aprili 2017, barafu ya usiku ilipounguza machipukizi katika sehemu kubwa ya Bordeaux, mashamba ya Médoc yaliyo karibu na Gironde yalipona.

Zabibu inayotawala ni Cabernet Sauvignon. Katika mavuno ya miaka ya karibuni mara nyingi imepita asilimia 90 ya mchanganyiko, na Merlot hujaza sehemu kubwa ya kinachobaki. Cabernet ina punje ndogo zenye ganda nene, na humo ndimo inamotoka tanini, kitu kile kile kinachokausha ulimi wa mnywaji mwenye haraka. Kadiri miaka inavyopita, tanini na chembe za rangi hushikana, huwa nzito na kuzama chini kama mashapo. Ndiyo maana mvinyo mkongwe huwa laini zaidi na hafifu zaidi wa rangi, kutoka zambarau kuelekea rangi ya tofali.

Sasa tahadhari ya majina. Louis Latour ni nyumba ya mvinyo ya Beaune, huko Burgundy, eneo jingine la mvinyo nchini Ufaransa, haina uhusiano na shamba hili. Château Latour à Pomerol iko Pomerol, ng'ambo ya mto Dordogne. Château Latour-Martillac iko Pessac-Léognan, kusini mwa jiji. Château La Tour Carnet iko Médoc lakini ni ya daraja la nne. Zote zinatengeneza mvinyo wa heshima, ila ukiuziwa mojawapo kwa bei ya Latour ya Pauillac umeibiwa bila hata kuvunja sheria. Lebo unayoitafuta imeandikwa Grand Vin de Château Latour, Premier Grand Cru Classé, Pauillac, na ina mchoro wa mnara wenye simba juu yake. (Mnara wa mviringo ambao wageni huupiga picha shambani leo ni nyumba ya njiwa ya karne ya 17, ngome ya kale iliyolipa shamba jina lake haipo tena.)

Shamba lina pia mvinyo wa pili, Les Forts de Latour, uliotengenezwa kwanza kwa mavuno ya 1966, na wa tatu unaoitwa tu Pauillac de Château Latour. Kwa anayeanza, mimi ningemshauri Les Forts bila kusita. Ni mkono uleule, bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya kaka yake, na haukulazimishi kungoja mpaka watoto waoe.

Hatua ya 2: Chagua mwaka kwa kuhesabu kutoka siku utakayokunywa

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Médoc huvuna mara moja, Septemba na Oktoba, na mvua ya wiki moja katika kipindi hicho inaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Ndiyo sababu mwaka wa mavuno una uzito mkubwa kiasi hiki, na bei hupanda au kushuka mara dufu kati ya chupa mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa tarakimu.

Ukitaka kunywa sasa, tafuta 1982, 1990 au 1996. Ya 1982 ilikuwa ya jua na zabibu zilizoiva sana, na imekuwa ikiwafurahisha watu kwa miongo. Ya 1996 ni ya Cabernet hasa, imenyooka zaidi na kavu zaidi, kwa hiyo wanaopenda mvinyo wa kishua uliojaa utamu wa matunda wakati mwingine huiona baridi. Ya 2003 ilitoka katika kiangazi cha joto kali lililoua watu wengi Ulaya. Mashamba mengi yalipata zabibu zilizochomeka, lakini mfinyanzi wa Latour ulishika maji na mvinyo ukawa miongoni mwa bora za mwaka huo.

Ya 2000 na 2005 zimeanza kufunguka, ingawa hazina haraka. Kisha kuna ndugu wawili ambao wapenzi wa Bordeaux hawachoki kuwabishania, 2009 na 2010. Ya 2009 ni nono na laini, na inanyweka mapema zaidi. Ya 2010 imejaa tanini na uchachu, ngumu kama mlango uliofungwa kwa ndani, na ndiyo ningemlazia mtoto aliyezaliwa mwaka huo ainywe akiwa na miaka 30 au 40. Ya 2016 nayo ni ya kungoja.

Miaka dhaifu je? 1997, 2007, 2013. Hapa naenda kinyume na orodha za wauzaji: Latour ina sifa ya muda mrefu ya kutengeneza mvinyo mzuri hata katika miaka mibaya, na miaka hiyo hukomaa mapema na huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Nikipewa 1997 iliyolala vizuri na 1982 ambayo hakuna anayejua imepitia wapi, nachukua 1997.

Saizi ya chupa nayo ihesabu. Magnamu ya lita 1.5 huzeeka polepole kuliko chupa ya kawaida ya mililita 750, kwa sababu hewa inayopenya kwenye kizibo ni karibu ileile na mvinyo ni maradufu. Nusu chupa hukimbia. Kwa zawadi ya kungojwa miaka mingi, magnamu ni chaguo la busara, na mezani nayo ina fahari yake.

Hatua ya 3: Nunua mahali penye historia inayoweza kuonyeshwa

Kwa desturi, mashamba makubwa ya Bordeaux huuza mvinyo ukiwa bado mapipani: unalipa masika baada ya mavuno, unaletewa chupa takriban miaka miwili baadaye, kisha kazi ya kuilaza ni yako. Aprili 2012 Latour ilitangaza kujitoa katika utaratibu huo, na mavuno ya 2011 yakawa ya mwisho kuuzwa hivyo. Sasa shamba, ambalo tangu 1993 ni mali ya tajiri wa Kifaransa François Pinault, hukaa na mvinyo wake katika ghala lake lenyewe na kuutoa sokoni linapoona umeanza kunyweka.

Wengi waliupokea uamuzi huo kwa manung'uniko, kwa sababu bei ya chupa iliyotoka ghalani imekwisha kubeba gharama ya miaka ya kungoja. Kwa msomaji anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, mimi nauona kuwa neema. Miaka ya hatari zaidi katika maisha ya chupa imepitia Pauillac, chini ya ardhi, mikononi mwa aliyeitengeneza. Kwa hiyo njia ya kwanza na salama zaidi ni kutafuta chupa zilizotolewa moja kwa moja na shamba, na kumtaka muuzaji akuonyeshe hati za kuthibitisha hilo.

Njia ya pili ni wafanyabiashara wa Ulaya wanaotumia maghala ya forodha. Nchini Uingereza mvinyo uliomo ndani ya ghala la aina hiyo haujalipiwa ushuru wala kodi ya ongezeko la thamani. Unalipa siku unapoutoa. Moja ya maghala hayo liko Corsham, Wiltshire, ndani ya machimbo ya zamani ya mawe, makumi ya mita chini ya ardhi, ambako joto karibu halibadiliki mwaka mzima. Chupa inaweza kununuliwa na kuuzwa mara tano bila kusogea kwenye rafu yake. Ukiishi nchi ya joto, nunua na uiache hukohuko. Ilete nyumbani mwaka wa kuinywa, si kabla.

Siku ya kuileta, fikiria safari. Kontena la kawaida likisimama juani bandarini hugeuka tanuri. Omba kontena la baridi au usafiri wa ndege, na epuka miezi ya joto kwenye pande zote mbili za safari. Chupa mbili tatu unaweza kuzibeba mwenyewe kwenye begi la kuingia mizigoni, zikiwa zimefungwa vizuri, alimradi umeuliza kiwango cha pombe kinachoruhusiwa na forodha ya unakokwenda.

Mnada ni njia ya tatu, na una faida kwamba nyumba kubwa za mnada hueleza hali ya kila chupa kwa maandishi. Mtu binafsi anayekuuzia "Latour ya babu" bila karatasi yoyote ni njia ya nne. Mimi ningeipita.

Hatua ya 4: Kagua chupa kabla pesa haijatoka

Simamisha chupa, washa tochi nyuma yake, tazama mvinyo umefika wapi. Kizibo hupumua, na kila mwaka kiasi kidogo mno hupotea. Chupa ya chini ya miaka 20 inapaswa kuwa imejaa mpaka ndani ya shingo. Ya miaka 30 au 40 ikiwa chini ya shingo au mwanzoni mwa bega, hakuna neno. Ikifika katikati ya bega, hewa imeingia kupita kiasi, na bei lazima iseme hivyo. Chini ya hapo waachie wanaokusanya chupa kwa ajili ya rafu.

Kisha pitisha kidole juu ya kofia ya bati. Kizibo kilichotuna na kupita mdomo wa chupa ni alama ya joto: mvinyo ulipanuka ukakisukuma. Michirizi iliyoganda shingoni ni ushahidi wa aina hiyohiyo. Lebo yenye madoa ya unyevu, kwa upande mwingine, isikutishe. Ghala zuri lina unyevu, na karatasi hulipa gharama yake. Mimi huingiwa na shaka zaidi nikiona lebo nyeupe pe kwenye chupa iliyozaliwa kabla ya uhuru wetu.

Bandia zipo, tena nyingi katika miaka maarufu kama 1945 na 1961. Rudy Kurniawan alitiwa hatiani New York mwaka 2013 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10, baada ya kugundulika kwamba alikuwa akichanganya mvinyo nyumbani kwake California na kuutia katika chupa zenye lebo za mashamba makubwa. Waliokuwa wakimwamini walikuwa wanywaji wazoefu, si washamba. Kifaa kimoja cha bei rahisi kinachosaidia ni taa ya kukagulia noti bandia: karatasi za kisasa zimetiwa kemikali ya kung'arisha inayowaka rangi ya samawati chini ya taa hiyo, za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia haziwaki. Lebo ya 1928 inayowaka ina maelezo ya kutoa.

Hatua ya 5: Ipatie mahali pa kulala

Hapa ndipo mvinyo mwingi wa thamani hufia, nasi wa pwani ndio tunaohusika zaidi.

Joto linalofaa ni nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, na ukibaki kati ya 10 na 15 uko salama. Muhimu zaidi ni kutobadilikabadilika. Joto likipanda, mvinyo hupanuka na kusukuma kizibo. Likishuka, hunywea na kuvuta hewa ndani. Rudia hivyo kila siku kwa mwaka mmoja, mchana nyuzi 31 na usiku 24, na kizibo kimekwisha kazi. Hata bila mabadiliko hayo, joto lenyewe huharakisha mambo. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba nyuzi 10 za ziada huongeza kasi karibu mara mbili, na katika mvinyo si kasi tu inayobadilika, bali pia aina ya harufu zinazojitokeza. Unapata kitu kinachonukia zabibu kavu na jamu iliyoungua. Nyumba ya Nairobi ni afadhali kwa sababu ya mwinuko, lakini afadhali hiyo ni ya miezi, si ya miongo.

Unyevu wa asilimia 60 hadi 75 hukifanya kizibo kisikauke. Laza chupa ubavuni ili mvinyo ukiguse kizibo, lebo ikitazama juu, na iwe hivyo miaka yote ili mashapo yatulie upande mmoja unaoujua. Giza ni lazima. Mtikisiko wa jenereta, pampu ya maji au mashine ya kufulia hauifai, na harufu kali za rangi au mafuta ya taa zisiwe chumba kimoja nayo.

Friji ya jikoni inatosha kwa wiki au miezi michache. Zaidi ya hapo ina baridi mno, hewa yake ni kavu, na mlango wake haupumziki. Kinachofaa ni friji ya mvinyo, na ukiinunua uliza jambo moja kabla ya yote: inatumia kompresa, au ni ile inayopoza kwa umeme pasipo kompresa? Hiyo ya pili ni kimya na ya bei nafuu, lakini hushusha joto kwa nyuzi chache tu chini ya joto la chumba. Katika chumba cha nyuzi 32 haitafika 13. Mlango wa kioo uwe wa tabaka mbili wenye kuzuia mionzi ya jua, au, bora zaidi, usiwe wa kioo kabisa.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyojaa chupa hushika baridi kwa saa nyingi, kwa hiyo nafasi zilizobaki zijaze chupa za maji. Tia stabilaiza, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndipo kompresa huungua. Na kipimajoto usikiache kikielea hewani. Kitie ndani ya chupa ya maji iliyolala katikati ya nyingine. Hewa hupanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa, ila unachotaka kujua ni joto la kimiminika.

Pwani kuna tatizo la ziada, ukungu kwenye lebo. Zungushia kila chupa karatasi ya plastiki nyembamba ya kufunikia chakula. Haigusi mvinyo, na siku ukitaka kuuza utashukuru.

Hatua ya 6: Ngoja, lakini kwa daftari

Andika tarehe ya kununua, aliyekuuzia, bei, mahali ilipolala. Hifadhi risiti na sanduku la mbao la awali. Ukiweza nunua chupa tatu za mwaka mmoja kuliko moja ya miaka mitatu: ya kwanza ifungue ikitimiza miaka 15 hivi, nayo itakuambia nyingine mbili zingoje kiasi gani. Bei ya chupa, inayozidi euro 500 kwa miaka mingi na kupita 1,000 kwa ile maarufu, inafanya ushauri huu uonekane wa kitajiri, nami nakubali. Kwa Les Forts unatekelezeka.

Hatua ya 7: Siku ya kufungua

Siku mbili kabla, isimamishe, ndani ya baridi ileile, ili mashapo yashuke chini. Usiisafirishe asubuhi ya siku hiyo kwenda kwa mwenyeji wako. Kama inanywewa kwake, ipelekwe mapema ikapumzike huko.

Kata kofia ya bati chini ya ukingo wa mdomo na ufute kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa chupa ya chini ya miaka 20 kizibuo cha kawaida cha mhudumu wa hoteli kinatosha. Kwa kongwe zaidi tumia kizibuo cha ndimi mbili bapa: ingiza ulimi mrefu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha mfupi, zishushe kwa kuzitikisa huku na huku, halafu vuta huku ukizungusha. Kizibo cha miaka 40 kikichomwa katikati mara nyingi hukatika. Kikikatika, usitaharuki, sukuma kipande kilichobaki ndani na uchuje kwa kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni.

Kisome kizibo. Kinapaswa kuwa na jina la shamba na mwaka, na mwaka huo ulingane na wa lebo. Kisha nusa mvinyo. Harufu ya vumbi na chumba kilichofungwa mara nyingi huondoka baada ya dakika chache. Harufu ya boksi lililolowa haiondoki, bali huzidi; hiyo imetoka kwenye kizibo chenye kasoro, na hata shamba la daraja la kwanza halina kinga nayo.

Kuhamishia kwenye jagi la kioo: washa mshumaa au tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, mimina polepole kwa mkono usiosimama, na ukiona mashapo yanakaribia bega, acha. Kitakachobaki ni nusu bilauri, kipelekwe kwenye sufuria.

Muda wa kupumua unategemea umri. Kati ya miaka 10 na 20, saa tatu au nne ndani ya jagi si nyingi kwa Latour, ambayo hufunguka taratibu kuliko majirani zake. Kati ya 20 na 35, saa moja. Ikipita 40, itenge na mashapo na uimimine hapohapo, kwa sababu harufu zake za mwisho hupeperuka upesi. Kabla ya kuamua lolote, onja kijiko kimoja. Chupa yenyewe ina neno kuliko jedwali langu.

Hatua ya 8: Mezani

Mimina ukiwa na nyuzi 16 hadi 18. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya ya zamani, si sebule ya Kariakoo mwezi Februari. Itoe frijini ikiwa na 13, jagi liweke juu ya meza, na hali ya hewa yetu itamalizia kazi ndani ya robo saa. Ikizidi kupata joto, sinia la maji yenye vipande vichache vya barafu chini ya jagi halina aibu.

Bilauri ziwe kubwa, zijazwe theluthi tu. Pauillac yenyewe inasifika kwa mwanakondoo wake, na kondoo wa kuoka ni mwenzi wa Latour asiyekosea. Mbuzi wa kuchoma kwa chumvi peke yake anamkaribia sana, hasa ubavu wenye mafuta, kwa sababu mafuta na protini za nyama ndivyo vinavyoituliza tanini. Pilipili, ukwaju, achari na kachumbari yenye ndimu viwekwe mbali. Mvinyo wa miaka 30 hauna nguvu ya kupigana navyo. Pilau la iliki na karafuu nyingi ningeliandalia kinywaji kingine.

Chupa moja hutoa bilauri sita za wastani, kwa hiyo usialike watu 15. Ikibaki ya miaka 12, rudisha kizibo, tia friji ya kawaida, na kesho jioni huenda ikawa nzuri kuliko leo. Siku ya tatu ni ya mchuzi. Ya miaka 40 imalizeni usiku huohuo.